Chupa Iliyogusa Sementi

Mama yangu,

Sauti iliyonibakia ya siku ile si ya mabomu. Ni ya chupa ya serumu, dripu ya hospitali, ikigusa sementi: ndogo tu, kama kikombe kinachowekwa mezani.

Malaria ilikuwa imekuangusha nyumbani, mtaa wa Mapendo, na sasa wodini kinini, dawa yake, ilikuingia tone kwa tone. Homa ilipolegea ulitazama chupa ile kwenye msumari wake ukasema, "Inaniangalia sawa na mama mukwe." Nilicheka. Ndipo risasi zikaanza upande wa Katindo, na wodi nzima ikafanya tunachojua sote wa Goma tangu utoto: tumbo chini. Ulishuka kitandani, ukanivuta blauzi, ukaitoa chupa msumarini na kuilaza kando ya mkono wako.

"Muganga alisema ibakie juu," nilinong'ona.

"Chupa tutapata ingine. Weye nitakupata wapi? Lala chini, mutoto wangu."

Damu yako ikapanda polepole ndani ya mpira wa serumu. Kulipotulia tuliitundika tena, lakini hakuna tone lililodondoka. Damu ilikuwa imegandia kwenye sindano. Muuguzi aliichomoa, akatafuta mshipa mwingine mikononi, miguuni, hata shingoni. "Mishipa yake nayo imekimbia vita," alisema, wala hakuwa akitania. Uliondoka duniani kabla hajaupata.

Sasa muuguzi ni mimi. Kabla na baada ya kila dawa napitisha maji ya chumvi kwenye mpira, damu isibaki humo, wala dawa moja isikutane na nyingine zikagandishana. Siachi matone yakome kabla dawa haijaisha. Wenzangu hunicheka: "Weye unabembeleza serumu sawa na mutoto!" Naendelea kuukagua mpira. Kuwajibu ni kukutaja, na kazini bado siwezi.

Juzi mchana risasi zililia tena. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi alikuwa kwenye kinini. Binti yake alimlaza sakafuni, kisha akanyoosha mkono aishushe chupa, maana mpira ni mfupi, haufiki chini kutoka msumarini. Nilimwahi, nikaishika chupa mimi.

"Lala, dada, watakuua!" binti alinipigia kelele.

Nilikusikia na wewe, mama, wazi kabisa. Uliniomba jambo moja tu, na miaka yote nimelitii.

Usinigombeze huko uliko. Sikulala. Hata kupiga magoti sikutaka. Nilisimama katikati ya wodi, chupa juu ya kichwa changu, nikitazama matone yakishuka mpaka la mwisho.

Mutoto wako, uliyemlaza chini