Mke Mwenza Anayekuja Mchana

Katonga, Kigoma
3 Juni 2024

Mke wangu mdogo Stephania,

Mwakeye. Hujambo huko Dar es Salaam? Mimi mzima, goti tu, na hata hilo linaniogopa. Naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Darasa la pili la zamani lilikuwa zito kuliko hizo digrii zenu.

Sasa sikia. Nasri muuza dagaa kanionyesha simu pale Kibirizi. Nimekuona jukwaani peke yako, umejifunga kanga kama marehemu bibi yako Merina, unasema mzimu wake unanigombeza jikoni. Watu wanacheka. Na Nasri anacheka. Nikamwambia, "Funga mdomo kabla sijakufunga mimi."

Yale nilikwambia wewe, sikuwaambia Dar es Salaam. Na umekosea. Umesema anakuja usiku. Mizimu ya watu wa hovyo ndiyo huja usiku. Wa kwangu anakuja mchana kweupe, dagaa wakiwa juani. Nasikia kandambili zake, pa, pa, mpaka jikoni. Anafunua chungu, anaguna.

Kosa ni lako. Mazishini hukuwepo, na mjukuu sina mwingine. Mjukuu ndiye anayeingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Ndiye anayeiga mwendo wa marehemu, watu wacheke, marehemu aende zake ametulia. Merina tumemfukia kimya kama mgeni. Ndiyo maana hajaondoka.

Acha huo mchezo.

Mumeo,
Babu Elikana


Dar es Salaam
17 Juni 2024

Shikamoo mume wangu,

Goti linaendeleaje? Unakula? Mimi mzima wa mwili.

Babu, nilikuwa njiani. Nilifika Tabora mkanipigia kwamba mmeshazika. Nikashuka, nikarudi. Utani wote niliomwandalia mke mwenzangu ulinibaki mdomoni. Ndio huo naufanya jukwaani. Simdhihaki.

Ulichoona ni kipande tu. Tarehe 13 Julai nimepata ukumbi, saa nzima, mimi peke yangu. Nataka kumzika Bibi kama ilivyotakiwa. Nitaingia kaburini na nitagoma. Lakini bila neno lako sipandi. Niruhusu, wivu wa nini, mzee wewe?

Mkeo,
Stefa


Katonga
1 Julai 2024

Mke wangu,

U mzima? Mimi simba.

Nilikuwa nimekataa. Barua ya kukataa nilimpa Nasri aipeleke kwa kondakta wa basi, nikamkimbilia njiani nikamnyang'anya. Sababu nakwambia wewe tu, usiipeleke jukwaani. Ukifanya utani huo, Merina ataondoka. Akiondoka nitagombana na nani? Mimi niliyevuka ziwa hadi Kalemie kwa kasia, watu wote wa Katonga wanajua, nyumba isiyo na mtu inanishinda.

Lakini jana kaja anaburuta kandambili. Hata chungu hakufunua. Kakaa kwenye kigoda, namsikia anahema kama katoka mlimani na mzigo wa kuni. Nikamwuliza, "Umechoka, mama?" Kimya. Mwanamke yule tangu nimuoe hajawahi kukosa jibu. Nikajua ni mimi ninayemshikilia.

Fanya. Ila mwendo wake unaukosea. Mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa, aliteguka akimfukuza mwizi wa dagaa. Na wasikupe jogoo mmoja. Gomea wawili.

Mumeo,
Babu Elikana


Dar es Salaam
14 Julai 2024

Shikamoo Babu,

Habari ya nyumbani? Mimi sauti imekauka.

Ule mguu wa kushoto uliwaua kwa kicheko. Mtu mmoja alidondoka kwenye kiti. Halafu nikaingia kaburini, nikagoma. Wakacheka, wakacheka, wakanyamaza. Babu, nilishindwa kutoka kweli. Mama mmoja wa mbele alipanda jukwaani akanivuta mkono, akaniambia, "Basi, mwanangu, tumekuahidi hao jogoo. Toka."

Niambie ukweli. Bado anakuja?

Mkeo,
Stefa


Katonga
9 Agosti 2024

Stefa,

Salamu. Mimi mzima.

Hajaja. Siku mbili tatu za kwanza nilisema labda mvua, lakini mvua yenyewe haijanyesha. Nasri kaniuliza mbona nimekonda, nikamwambia nimefunga kula kwa ajili ya maombi. Akaamini, mjinga yule.

Umefanya vizuri. Kalala. Hata mimi nisingeweza kufanya vizuri hivyo, na unajua mimi nani.

Mimi siombi mtu kitu, tangu nizaliwe sijaomba. Nasema tu kwamba basi la kuja Kigoma lipo kila siku.

Babu