Injini Tuliyoitoa kwenye Taksi ya Déo

Jumatano, saa kumi alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na viatu vyangu viko mlangoni vimejaa matope ya Kanyosha. Sina hamu ya kula. Ninaandika kwa sababu nikikaa bure nitaanza kujitetea, na leo sitaki kujitetea.

Nimemharibia Déo kazi yake. Nianze hapo.

Déo ni mume wa dada yangu Spès, na wanakaa Kanyosha. Tangu nimfahamu ni dereva wa taksi. Ana gari moja nyeupe, kuukuu, na hiyo ndiyo inayowalisha yeye, dada yangu na watoto wanne. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, esansi, yaani petroli, ikawa kitu cha kunong'onezana. Ukiipata ni ya kwenye dumu, imepita kwa magendo, na nusu yake mafuta ya taa. Madereva wakawa wanazima injini huku juu Mutanga Nord na kuserereka hadi mjini ili wasipoteze hata tone. Déo alifika mahali akakaa nyumbani wiki nzima, anafuta vioo vya gari isiyokwenda popote.

Mimi ni fundi umeme katika ghala moja karibu na bandari. Pale palikuwa na mashine ya umeme ya kunyanyulia mizigo, imekaa tu kwa sababu mizigo haiji tena. Bosi akaniambia nikiitaka niibebe kama chuma chakavu. Nikaitazama, nikaona mota nzima, nikaona betri zake kubwa, na likaniingia wazo ambalo hadi leo nasema lilikuwa zuri: tuitoe injini ya Déo, tuweke ile mota, tupate taksi isiyoomba esansi kwa mtu.

Tulifanya kazi uani kwangu, Mutanga Nord, kila Jumapili baada ya misa. Asidi ilinitobolea suruali mbili. Injini tuliilaza chini ya turubai, tukasema tusiiuze, tuone kwanza.

Hapo kwenye kuona kwanza ndipo nilipoharibu.

Siku ya majaribio niliendesha mwenyewe, peke yangu, kutoka hapa hadi kituo cha taksi mjini. Anayejua njia hiyo anajua ni mteremko mtupu. Hata tairi tupu lingefika. Madereva wakapiga makofi, mmoja akaniita ingénieur, yaani mhandisi, wengine wakadakia, na Déo akajifuta macho kwa mkono wa shati. Wakati wa kurudi gari ilipanda kidogo, ikachoka, ikasimama. Lori la mchanga ndilo lililonivuta kwa kamba hadi nyumbani. Déo aliponiuliza mbona nimechelewa, nikasema nilizuiwa kwenye bariyeri ya askari. Siku hizi ukitaja bariyeri hakuna anayekuuliza zaidi.

Kesho yake nikazipima betri. Zote pamoja zina vyumba ishirini na vinne vya kuhifadhi umeme, na vitano vilikuwa vimechoka vibaya. Vilishika umeme kidogo tu na kuuachia upesi.

Nilijua.

Siku tatu baadaye akaja Papa Zawadi, mfanyabiashara Mkongomani anayeuza vipuri kati ya hapa na Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alitaka injini ya kuendeshea kinu cha unga cha jamaa yake huko. Déo alikuwa na haja ya pesa za springi mpya, maana betri ni nzito kama ng'ombe aliyelala, na bado nyaya na chaja. Akanigeukia.

"Shemeji, tuuze?"

Nikasema uza. Neno moja, na sikumeza hata mate.

Nikiwa mkweli, mwanzoni ilikwenda vizuri, na ndiyo maana nilijidanganya. Barabara ya kutoka mjini hadi Kanyosha ni tambarare. Ukichukua abiria wawili, si wanne, na ukiwa na umeme wa kuchajia pale ghalani usiku kucha, gari inakwenda na kurudi. Akina mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, waliipenda kwa sababu haitoi moshi. Mzee mmoja alikaa kiti cha nyuma akauliza tunaondoka saa ngapi, na wakati huo walikuwa wameshapita soko. Shida ilikuwa ukimya wake. Askari wa bariyeri ya darajani alishtuka siku moja kuiona imeshafika mbele yake bila kusikia kitu, akainua bunduki. Tangu siku hiyo Déo akikaribia bariyeri anashusha kioo na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote, na sauti ya Déo si ya kwaya. Tulicheka sana. Spès alisema sasa askari watamfyatulia risasi kwa sababu ya kuimba.

Halafu nguzo za umeme zikaangushwa kwa vita huko milimani, tukakaa gizani siku nne, na betri zikalala bila chaji. Betri iliyochoka ukiiacha tupu hivyo, ndiyo basi. Baada ya hapo gari ikawa inarudi kutoka Kanyosha kwa shida, kisha ikawa hairudi. Wiki iliyopita ilisimama darajani na abiria wakashuka kusukuma.

Sisemi taksi ya umeme ni ndoto ya mwehu. Mpe mtu betri mpya, mpe umeme usiokatika, mpe barabara isiyo na mlima, ataifanyisha kazi. Mimi sikuwa na hata kimoja ila barabara, na nilimwambia shemeji yangu ninavyo vyote.

Na Déo hakunilaumu. Ndicho kinachoniumiza zaidi. Alikuja ghalani baada ya ile siku ya darajani, ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliyevunja chombo cha jirani.

"Shemeji, unisamehe. Mi ndo naendesha mubaya. Mguu yangu iko nzito, inamaliza betri."

Alikuwa ameanza kuendesha peku, ili akanyage polepole. Nikamwambia ajitahidi hivyo hivyo. Mungu wangu, nilimwambia ajitahidi.

Sasa juzi, Jumatatu. Papa Zawadi alinikuta ghalani. Akasema jamaa yake wa Uvira amepata injini nyingine ya dizeli inayofaa zaidi, na ile ya Déo bado imekaa kwenye stoo yake hapa mjini, haijaguswa. Kama Déo anaitaka aichukue, atalipa taratibu, hawatagombana. Ila lori lake linaondoka Jumatano saa sita mchana kwenda Uvira, ambako ataiuza kwa mwingine, na injini ikipanda lori haitashuka tena upande huu. "Umwambie shemeji yako," akasema. Nikasema nitamwambia.

Jumatatu sikumwambia. Jumanne sikumwambia. Nilijiambia nitampata barabarani, nilijiambia mvua, nilijiambia labda nitapata vyumba vitano vya betri mahali fulani na mambo yote yatanyooka kabla hajajua. Ukweli ni kwamba huwezi kumwambia mtu chukua injini yako bila kumwambia kwa nini. Na akiuliza kwa nini, basi ile siku ya lori la mchanga inatoka hadharani, na pale kituoni hakuna tena wa kunipigia makofi.

Nimelinda makofi ya madereva kumi na wawili. Nikiyaandika hivi yanaonekana madogo kweli.

Leo asubuhi niliamka nimeamua. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda baiskeli kwenye mvua, nikafika Kanyosha saa tano kasoro. Niliona muda upo. Tungetembea pamoja hadi stoo, tungemwomba Papa Zawadi, hata ningepiga magoti.

Déo alikuwa barazani anakausha kiti cha gari. Alinifurahia. Kabla sijafungua mdomo akamwita Spès alete chai, halafu akaniambia, kama mtu anayetoa habari ya kawaida, kwamba Papa Zawadi alipita hapo jana jioni.

Nikauliza walisema nini.

"Ameniuliza kama nataka injini yangu. Nikamwambia apana, apakie tu."

Nilimuuliza kwa nini.

"Alisema amekueleza tangu Jumatatu. Nikamwambia, kama shemeji anajua na hajanileteya habari, ni kusema gari iko sawa. Yeye ndo fundi, mi niko mutu wa usukani. Sasa ningemurudishia injini ya nini?"

Akaniambia Papa Zawadi alifurahi. Asubuhi na mapema leo, bila kungoja saa sita, lori likaondoka.

 Halafu nikamwambia yote. Mteremko, lori la mchanga, vyumba vitano, siku niliyosema uza. Sikupunguza kitu. Nilipomaliza Spès alikuwa amesimama mlangoni na vikombe, na sijui alisikia kuanzia wapi.

Déo hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, kama ningemwambia kweli siku ile ya kwanza, je, tungekuwa bado na injini uani kwangu chini ya turubai. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kukausha kiti. Dada yangu aliweka chai mbele yangu bila kunitazama, nikainywa kwa sababu sikujua namna ya kuikataa.

Kesho alfajiri Déo anakwenda kituoni kuwaomba wenzake wampe zamu ya kuendesha gari ya mtu mwingine. Mtu aliyekuwa na gari yake.

Mimi kesho nitavuka kwenda Uvira. Mpaka umefungwa kwenye redio tu, baiskeli zinapita, na malori ya kina Papa Zawadi pia. Nitamtafuta Papa Zawadi kwa yule jamaa yake mwenye kinu, nitamweleza, nitajaribu. Nikikuta injini haijauzwa, nitakaa hapo hadi nijue namna ya kuirudisha. Nikikuta imekwisha kwenda kwa mtu mwingine, nitarudi moja kwa moja Kanyosha nikamwambie Déo hilo pia, siku hiyohiyo, kabla sijavua viatu.