Aliyekupigia Simu Si Mimi

Duka la Kufulia, Mlango wa Bluu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naitanguliza hiyo mbele ya yote, na naomba uipokee kabla hujaikunja barua. Goti la kushoto linaendeleaje? Na presha je? Sisi huku tu wazima. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele, lakini mdomo haujapunguza kasi. Mashine zangu za kufulia sasa ni tatu, na zote zinazunguka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, miezi minane sasa. Nilidhani unaumwa. Ilipita miezi mitatu ndipo mwanao Kicheko akanitumbulia jipu: eti nilikupigia asubuhi moja, nikakuita kwa majina yako yote matatu kama karani wa mahakama, nikakudai mkopo wa kijana wa jirani yako. Salamu hakuna. Ukasema, "Mwanangu, ni mimi shangazi yako," nami nikaendelea kusoma tarehe ya mwisho ya kulipa. Nilipoambiwa hayo nilikaa juu ya kapu la mashuka, nikaapa sikuandikii mpaka nimelimaliza jambo hili.

Shangazi, aliyekupigia si mimi. Sauti ni yangu, naam, lakini mimi mwenyewe sikuwamo.

Unaikumbuka ile kazi ya kupokea simu niliyoifanya kabla sijafungua duka? Wateja walipopungua tulifungiwa katika kijichumba chenye magodoro ukutani, tusome sentensi kwenye kipaza sauti. Mimi nilisoma elfu sita. Tarehe, namba, majina ya watu, "tafadhali", "samahani". Karatasi tuliyotia sahihi ilisema ni kwa ajili ya kufundishia wafanyakazi wapya. Malipo yake yalitosha pea moja ya viatu vya shule.

Kumbe mwanafunzi alikuwa mashine. Waliilisha sauti yangu mpaka ikajua kusema hata nisiyoyasema, kisha wakaikodisha kwa wakopeshaji wa mtandaoni, wale wanaochota namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Kijana wa jirani alikuwa na namba yako. Ndivyo ulivyoingizwa kwenye deni usilolijua.

Huku nami nilikuwa nimeshaanza kuonja joto ya jiwe. Mteja analeta mapazia, namwambia, "Karibu mama, weka hapo kwenye mizani," naye anayakumbatia mapazia yake kama mtoto. "Wewe! Si ndiye uliyempigia mume wangu tukiwa msibani?" Mwingine akapita mlangoni akicheka: "Bi Madeni! Leo unafua nguo au unatufua sisi?" Wateja kumi na tisa wamehama. Hayo ningeyameza, biashara ina misimu yake. Lakini shangazi aliyenisomesha anifungie simu? Hapo walichokoza mzinga.

Nikaenda kwa mkurugenzi wa ile kampuni ya kupokea simu, yule tuliyemwita Bwana Manukato, maana marashi huingia kwanza, yeye akafuata. Akaniambia, "Dada, ile ni mali ya kampuni. Kwani sauti ina hati?" Nikamjibu, "Hata meno yangu hayana hati. Njoo uyang'oe basi."

Hakuja. Mimi nikaenda ofisi ya kulinda taarifa binafsi, na wenzangu watano wa zamani. Sheria ipo, Shangazi: ulichokubali kitumike kwa jambo moja hakiuzwi kwa jingine. Wakalazimishwa kufungua kumbukumbu zao. Simu laki mbili na elfu kumi na nane zimepigwa kwa koo langu! Kila moja ililipiwa, na mimi nilikuwa nimepata viatu.

Bwana Manukato akaleta bahasha nene. Wenzangu wawili macho yakawatoka. Nikaisukuma ikarudi kwake, nikataka nusu ya alichopokea kwa kila simu, na sauti zetu zifutwe, nakala zote, za kwake na za wakopeshaji. Alitapatapa miezi mitatu. Wiki iliyopita alilipa. Siku ya kufuta nilisimama nyuma ya kiti cha fundi wao, nikamwambia aiamuru mashine iseme "habari za asubuhi". Ikawa kimya. Sijawahi kuufurahia ukimya namna ile.

Lakini sikuishia hapo. Sharti la mwisho ni hili: kila mtu aliyesumbuliwa kwa deni lisilo lake, Bwana Manukato ampigie mwenyewe, kwa mdomo wake, ataje jina lake na alichofanya. Watu elfu tatu mia moja na kumi. Kwa simu arobaini kwa siku, nimemhesabia, ni siku sabini na nane za kazi. Wakili wake akasema huu ni ukatili. Nikamwambia hapana, hii ni huduma kwa wateja.

Ameshaanza. Nasikia koo limemkauka, anashinda na maji ya moto na asali. Mwache akauke.

Wewe nimekuweka Jumatatu ijayo, saa nne, ukiwa umeshakunywa chai. Akianza kusoma, mwambie aweke karatasi chini. Ukikata kabla hajamaliza, simu hiyo haihesabiki, itambidi apige tena. Kata mara nyingi upendavyo. Akikuomba msamaha, wa kwako ni wako, mpe au mnyime. Wa kwangu usimpe kwa niaba. Sijamaliza kumnyima.

Nisalimie Kicheko na mkewe, na mdogo wake Mrefu akirudi safari. Mwambie bibi dawa ya kifua nitaituma kwa dereva. Mungu akuongezee miaka na ayapunguze maumivu ya goti.

Jumanne jioni nitakupigia mimi. Tafadhali pokea. Ukiwa na shaka, niulize nilificha nini ndani ya mto wako nilipokuwa na miaka tisa. Tunajua sisi wawili tu, na hapa siandiki, maana siku hizi sijui nani mwingine anasoma.

Wako akupendaye na asiyeuzwa tena,
Binti wa kaka yako