Blauzi nyeupe kwenye barabara ya Mang'ola

Baba Upendo wangu,

Mmeamkaje huko, na mafua ya Upendo yamepungua? Karatu asubuhi ni baridi kali, mchana vumbi jekundu tupu. Sisi walimu wa ufundi tunajifunza kwenye gereji ya magari ya watalii wa Ngorongoro. Jana nilichomelea fremu ya paa linaloinuka la gari moja, nikaweka mpira mpya wa kuzuia vumbi. Fundi mkuu, mama mmoja mwenye sauti nzito, akaniambia, "Mwalimu, hapa kazi hatuikagui kwa macho. Aliyetengeneza anavaa nyeupe, anakaa siti ya nyuma."

Nikavaa ile blauzi uliyoninyooshea, tukashika barabara ya Mang'ola nyuma ya lori la vitunguu. Walimu wenzangu walibaki getini na simu mkononi, wanipige picha nikirudi mwekundu. Niliposhuka, yule mama akanigeuza, akakagua kola, akasema tu, "Kesho utafanya la pili."

Hakuna aliyepiga picha!

Wabusu watoto. Ukikutana na wanafunzi wangu sokoni, waambie nikirudi waje darasani na mashati meupe.

Mkeo, Mama Upendo