Nyuzi Katika Titi la Mama Kavira

Butembo, Jumanne mangaribi

Ilikuwa muzuri sana, mais hapakuwa mutu wa kumuonyesha.

Nilikuwa naangalia kwa mikroskopi kipande cha uvimbe wa titi la Mama Kavira, muuza samaki wa Kyavinyonge. Niliweka vioo viwili vya miwani ya jua, ile ya kuzuia mng'ao, kimoja chini ya kipande, kingine juu, nikazungusha. Kukawa giza, kisha nyuzi za kovu zikawaka kama nyasi zenye umande. Niligeuka nimwite docteur mwenzangu. Nilisahau kwamba alikimbia vita.

Katikati ya nyuzi niliona chembe za kansa. Zamani ningetuma kipande Kinshasa wahakikishe. Sasa njia imekatika, na bibi yangu niliyemuoa na batoto wetu wako ng'ambo ile ya Kinshasa. Donc niliamua peke yangu. Hata sasa naogopa.

“Ni kansa, mama,” nilimwambia Mama Kavira alipoingia. “Tutaikata kesho kutwa.”

Alikaza kitenge chake. “Aksanti kuniambia kweli. Na wewe docteur, uko na nani huku?”

“Niko na kazi mingi.”

“Sikuuliza juu ya kazi.”

Nikaanza kumutajia majina ya batoto wangu.