Dada wa Mtangazaji

Dar es Salaam
4 Machi 2025

Dada yangu Mwanaasha,

Shikamoo. Natumaini wote huko Kinole hamjambo, na lile goti limepoa. Mimi mzima, isipokuwa koo. Daktari ameona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Atavitoa mwezi ujao. Mpaka hapo nimekatazwa kutamka hata neno. Mimi, niliyeanza kwa kunadi na kipaza sauti juu ya pikapu mnadani Dumila, nikaendesha kipindi cha maswali, "Bonyeza Ujibu", kwenye televisheni miaka ishirini na moja, leo naomba chumvi kwa kuandika! Mke wangu Sabra anacheka mpaka anakaa chini.

Kuminya meseji kunanichosha, ndiyo maana nimeshika kalamu. Alois wa lori ataishusha barua huko akija kupakia ndizi.

Sasa habari yenyewe: msimu huu kipindi kitarekodiwa Morogoro mjini! Usaili wa washiriki ni Msamvu, tarehe 12 Aprili. Mwenzangu Hafidha atanishikia nafasi mpaka nipone. Waambie watu wajitokeze.

Mdogo wako,
Mansuri

Kinole
9 Machi 2025

Mdogo wangu Mansuri,

Marahaba. Pole sana kwa koo, Mungu akuponye upesi. Goti liko vilevile, ila niliposoma "Msamvu" nilisahau kama ninalo.

Nakuja kwenye usaili. Usicheke! Kila Jumapili nakaa kwa jirani yetu Rehani mbele ya televisheni, na najibu kabla hujamaliza kuuliza. Yule mwalimu aliposhindwa kuutaja mji mkuu wa Mongolia nilipiga kelele "Ulaanbaatar!" kuku wakatoka mbio. Rehani anasema nitakuja kukipasua kioo chake.

Niandikie haraka, nivae nini? Na hicho kitufe, unakibonyeza kwa kidole au kwa kiganja?

Dada yako,
Mwanaasha

Dar es Salaam
15 Machi 2025

Dada Mwanaasha,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Utanisamehe. Ndugu wa mtangazaji haruhusiwi kushiriki. Kanuni hiyo niliitia saini mwenyewe. Ukishinda watasema nilikuvujishia majibu, na jina langu litakuwa limekwisha. Tafadhali usiende Msamvu. Nitakupatia kiti cha mbele kabisa ukumbini, uangalie.

Mdogo wako,
Mansuri

Kinole
20 Machi 2025

Mansuri,

Huku wazima. Kiti sikitaki.

Nilipofaulu kwenda sekondari, mjomba Pazi aliniita uani akasema, "Ardhi ya ukoo inakwenda kwa wanawake. Wewe Mwanaasha una shamba. Shule tumwachie Mansuri." Mama hakunitetea. Miaka miwili baadaye ukafaulu wewe, ukaondoka na sanduku nililokuwa nimenunuliwa mimi.

Miaka arobaini nimekuwa nikiangalia. Sikuwahi kukwambia. Sasa nimekwambia.

Mwanaasha

Dar es Salaam
10 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako haikuwa na "dada yako" mwishoni. Niligeuza karatasi nikatazama hata nyuma.

Nimewauliza watu maswali miaka ishirini na moja, wewe sikuwahi kukuuliza hata ulitaka kuwa nani. Sanduku nililikumbuka. La bluu, lenye kufuli. Sikujua lilikuwa la nani.

Leo asubuhi nimeacha kazi.

Usipige kelele, soma kwanza. Nilimwandikia bosi karatasini: "Dada wa mtangazaji wa zamani anaruhusiwa kushiriki?" Akanitazama kama mtu mwenye homa. Halafu naye, badala ya kusema, akachukua kalamu akaandika: "Anaruhusiwa." Hafidha sasa ndiye mwenye kipindi. Maswali ya msimu huu sijayaona, kabla ya leo sikuwa nimekanyaga ofisini tangu Februari.

Fomu zinatolewa palepale mlangoni. Alois anaondoka sasa hivi, nimemwambia asisimame popote. Ni keshokutwa, dada! Na kitufe kinabonyezwa kwa kiganja.

Mdogo wako,
Mansuri

Kinole
2 Juni 2025

Mdogo wangu Mansuri,

Marahaba, marahaba mara mia! Sabra ameniambia koo linapona vizuri, alhamdulillahi. Najua daktari amekunyima ruhusa ya kusafiri, basi kaa nikusimulie.

Usaili ulikuwa na watu mia tatu. Wakachukua sita. Mimi wa tano! Uliponiandikia kwamba umeacha kazi nilikutukana peke yangu shambani, halafu nikalia, halafu nikaanza kutafuta gauni.

Jana ukumbi ulijaa pomoni. Kinole nzima ilishuka na fuso mbili. Taa zile, Mansuri, mbona hukuwahi kusema zinaunguza hivyo? Swali la kwanza nikakosa. La pili nikakosa. Nikamsikia Rehani kule nyuma: "Mama, piga kelele kama nyumbani!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, na hofu ikaniishia hapohapo. La tatu nikapata. La nne, la tano, la sita!

Tukabaki wawili, mimi na Gervas, kijana anayesomea sheria. Alama sawa. Hafidha akauliza swali la mwisho, "Kiungo gani mwilini hutengene..." Nikabonyeza! Gervas ananitazama. Nikasema, "Kama ni insulini, basi kongosho."

"Ni sahihi!"

Sikusikia kingine. Nilimwona tu Gervas anakuja kunikumbatia, mtoto wa watu, huku yeye mwenyewe ana machozi.

Halafu Hafidha akaniuliza mbele ya kamera, "Mama, umesomea wapi?" Swali hilo nimelikimbia maisha yangu yote. Kwenye harusi, zahanati, hata kwa watoto wangu. Jana nikalijibu kwa sauti: "Nimeishia darasa la saba kule Kinole. Mengine nimejisomea." Watu wakasimama, Mansuri. Ukumbi mzima.

Tulipanda mlima tukiimba. Kona baada ya kona nilikuwa nakitafuta kile kinyongo changu nilichokibeba miaka yote hii. Nilikitafuta mpaka nyumbani. Sikukiona.

Dada yako,
Mwanaasha