Mkono wa Kumwozesha Sitara

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Dokta Elisaria wa mazoezi kanifunga mkono kwa kitenge — tena ule mzima! Eti tangu nipatwe na kiharusi, kushoto kunafanya kila kitu, kulia kumebweteka. Asubuhi mpaka adhuhuri nitumie kulia tu. Chai yote imeishia kwenye kanzu. Sawa! Mwanangu Sitara anaolewa tarehe 30, na baba ndiye anayemshika bwana harusi mkono wa kulia na kutamka, "Nimekuozesha." Mdogo wangu Shomari keshajitolea kuniwakilisha. Asahau!

Jumanne, 13 Septemba
Shomari kamleta Mama Bakili, mkandaji wa Mtaa wa Sikukuu. Mafuta ya nazi ya moto, kidole kimoja kimoja. Raha! Mkono umelegea mpaka nikasinzia. Lakini kikombe hakikamatiki. Kasema kitenge kinanitesa bure. Nimemshukuru, nimemwambia apumzike. Kushika kwanza.

Jumanne, 20 Septemba
Nimeshika mkasi! Suruali ya mtumba imekatika kombo, mteja kanuna. Mimi nacheka peke yangu na cherehani yangu.

Jumapili, 25 Septemba
Tumefanya majaribio na Anuari, mkwe mtarajiwa. Nimemshika — barabara! Maneno yote nimeyatamka. Kuachia sasa — wapi! Vidole vimejifunga, naviamrisha havisikii. Shomari kaangua kicheko: "Siku hiyo shekhe aje na bisibisi!" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Anuari hakuvuta. Kasogeza kiti kwa mguu, kakaa, kaniomba radhi kunywa chai kwa kushoto, akaanza habari za bei za redio za Dubai. "Hatuna haraka, baba." Chai ikaisha, vidole bado. Mpaka akaitwa Mama Bakili na mafuta yake.

Jumatatu, 26 Septemba
Nimemweleza Elisaria. Kasema kushika ni kazi moja, kuachia nyingine. Basi kitenge asubuhi, mafuta jioni. Mama Bakili karudi, kaninunia kidogo tu.

Ijumaa, 30 Septemba
Asubuhi nimeshika kikombe, nikakiachia. Mara ya pili — mgomo. Shomari kavaa kanzu mpya, kakaa mkao wa kuitwa. Sitara kaja kuniuliza, vidole vikigoma je? Nimemwambia aende akapambwe. Naogopa, lakini simpi mtu nafasi yangu. Shekhe kafika. Wananiita. Kupitia dirisha namwona Anuari keshakaa kwenye mkeka. Upande wake wa kushoto kaweka kikombe cha chai.